Msandali Haupandwi Peke Yake

Chimbua udongo taratibu kando ya msandali wa miaka miwili, sentimita kumi tu kwenda chini, kisha fuata mzizi mmoja mwembamba mpaka ugusane na mzizi wa mbaazi au mgunga ulio jirani. Hapo utakuta kivimbe cheupe, laini, chenye umbo la kengele ndogo, kimeng'ang'ania mzizi wa jirani kama kupe kwenye ngozi. Kipasue katikati kwa wembe na utaona ulimi mwembamba uliopenya ganda la mzizi ule mpaka kwenye mishipa yake ya maji. Hicho ndicho kinyonyo, na shamba zima la misandali linasimama au kuanguka kwa vinyonyo hivyo.

Msandali ni kimelea nusu. Majani yake ni ya kijani na hujitengenezea chakula kwa jua kama mti mwingine wowote, lakini sehemu kubwa ya maji na naitrojeni huichota kwa jirani. Mche ulioachwa peke yake huishi miezi kadhaa kwa akiba ya mbegu, nao hupendeza kabisa. Halafu majani yanageuka njano, urefu unagoma, na mwaka wa pili mti unakauka. Mkulima hulaumu udongo, huongeza mbolea, na hali haibadiliki. Ugonjwa wa mti ule ni njaa ya kukosa mwenyeji, yaani mmea jirani wa kuunyonya. Anayetaka kulima msandali na ajihesabu kwanza kuwa mkulima wa miti mingine, ambayo misandali itapenyezwa katikati yake.

Kabla ya kununua hata mbegu moja, hakikisha unajua unauziwa nini, kwa sababu jina hili linabeba miti tofauti. Msandali wa India, Santalum album, ndio wenye mafuta ghali zaidi na ndio tunaouzungumzia hapa. Msandali wa Australia Magharibi, Santalum spicatum, huvumilia ukame na hupandwa huko kwenye mashamba ya ngano chini ya migunga ya asili, ila mafuta yake yana santaloli, kiungo kikuu cha harufu, pungufu. Msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, ni wa ukoo huohuo na nao ni kimelea, lakini una miti dume na miti jike: ukipanda wa aina moja tu hutaona mbegu. Halafu kuna msandali mwekundu, Pterocarpus santalinus, ambao si kimelea, hauna harufu ile, na mbao zake huuzwa kwa ajili ya rangi na uchongaji. Wauza miche wengine huchanganya majina haya kwa kutojua, wengine kwa makusudi. Miche ya Santalum album ina majani yaliyokaa mawili mawili, yakitazamana kwenye kijiti, na hiyo ni dalili ya kwanza ya kuangalia. Osyris hutoa jani moja moja, kwa kupishana.

Mti huu hupenda udongo wa tifutifu mwekundu au wa kichanga, wenye kupitisha maji, na mvua ya milimita 600 hadi 1,600 kwa mwaka pamoja na kipindi cha kiangazi kinachoeleweka. Udongo mwembamba wenye mawe unaufaa kuliko bonde lenye rutuba. Kitu kimoja hausamehe: maji yaliyotuama. Chimba shimo la sentimita 60, lijaze maji, uangalie kesho yake. Kama bado kuna maji mle ndani, panda kitu kingine hapo.

Kazi ya kitalu ndiyo inayowashinda wengi, basi tuiangalie kwa utulivu. Tunda bivu ni la zambarau iliyokolea karibu na weusi, lina ukubwa wa njegere kubwa. Okota matunda ya miti iliyokomaa, ikiwezekana yenye miaka 15 au zaidi na ambayo kiini chake, yaani sehemu ya ndani ya shina yenye mafuta, kinajulikana, kwa sababu miti ya shamba moja hutofautiana mno kwa wingi wa mafuta na tofauti hiyo kwa kiasi fulani hurithiwa. Sugua nyama ya tunda itoke yote, osha, kisha kausha mbegu kivulini. Kilo moja ina mbegu takribani 6,000. Mbegu mpya hulala usingizi wa karibu miezi miwili, na zikikaa sana hupoteza uhai, kwa hiyo mbegu za mwaka juzi, hata zikiuzwa kwa bei ya chini, hazina faida.

Kuziamsha, watu hutumia asidi ya jibereliki, unga wa homoni ya mimea: nusu gramu kwa lita moja ya maji, mbegu zikae humo usiku kucha. Unga huo hauyeyuki vizuri majini, uyeyushe kwanza kwa spiriti kidogo ndipo uongeze maji. Usipofanya hivyo utabaki chini ya ndoo na mbegu zitakuwa zimeoga maji matupu. Sia kwenye tuta la mchanga lililoinuliwa, kilo 2.5 kwa tuta la mita 10 kwa 1, ufunike kwa mchanga wa sentimita moja na nyasi kavu juu. Nyasi ziondolewe mara tu vichwa vya kwanza vinapochomoza, vinginevyo miche itapinda shingo. Uotaji ni wa kusuasua: wa kwanza huja baada ya mwezi, wa mwisho hufikia miezi mitatu. Usilivunje tuta kwa kukata tamaa wiki ya sita.

Adui wa tuta ni kinyausi. Unaenda jioni miche imesimama, asubuhi imelala, shingo imelegea na kuwa ya kahawia pale inapotokea udongoni. Chanzo ni kuvu wanaostawi kwenye unyevu uliozidi, mara nyingi wakisaidiwa na minyoo fundo waliokwisha kutoboa mizizi. Mchanga safi wa mtoni uliochomwa jua kali chini ya nailoni kwa wiki kadhaa, maji mara moja tu kwa siku, na dawa ya kuvu kwa kipimo cha lebo, hivyo vitatu vinaokoa tuta. Kumwagilia asubuhi na jioni kwa huruma ndiko kunakoua.

Mche ukiwa na majani manne hadi sita uhamishie kwenye kiriba kirefu, si kifupi, angalau sentimita 30, kwa sababu mzizi mkuu hushuka haraka. Mchanganyiko mzuri ni mchanga sehemu mbili, udongo sehemu moja, samadi iliyoiva sehemu moja. Mche ung'olewe na ganda la mbegu likiwa bado limeshikamana. Likibanduka, mche umepoteza chakula chake. Mzizi usipigwe na upepo hata dakika chache: beba miche kwenye chombo chenye maji.

Na hapa ndipo mwenyeji wa kwanza anapoingia. Ndani ya wiki ya kuhamisha, panda kwenye kiriba hichohicho mmea mdogo wa kuulisha. Alternanthera, jani litambaalo la jamii ya mchicha, linafaa sana kwa sababu linashika kwa kipande cha shina na linavumilia kukatwakatwa. Mbaazi pia hutumika, ila hukua haraka mno na bila mkasi itaufunika mche na kuuminya. Kata mwenyeji kila wiki mbili au tatu asizidi nusu ya urefu wa msandali. Viriba vihamishwe mahali kila baada ya miezi miwili ili mizizi isizame ardhini. Baada ya miezi sita hadi minane, mche wenye urefu wa sentimita 30 au zaidi na shina lililoanza kuwa la kahawia uko tayari. Mche mrefu wenye shina la kijani kibichi haujakomaa, hata kama machoni unavutia.

Shambani, mwenyeji wa kudumu hutangulia. Apandwe mwaka mmoja kabla, ili msandali ukifika ukute mizizi imekwisha kutandaa. Miti inayofunga naitrojeni ndiyo bora: migunga isiyo na kivuli kizito, na mvinje, ambao unapendwa kwa sababu kivuli chake ni chepesi na nguzo zake zinauzika. Mjohoro nao hutumika, ingawa huo haufungi naitrojeni. Mkaratusi ni mwenyeji mbovu na unagombania maji. Usiuweke hata mpakani.

Mpangilio mmoja unaofanya kazi ni huu: mistari iwe mbali mita 4, na katika mstari mwenyeji wa kudumu na msandali vipishane kila mita 2.5. Hapo msandali unakuwa mita 5 kutoka kwa mwenziwe, na hekta moja inabeba misandali 500 na wenyeji 500. Mashimo yawe sentimita 45 kila upande, yakae wazi wiki chache yapigwe jua. Kila msandali uwekewe pia mbaazi mbili, moja kila upande, sentimita 50 hadi 75 kutoka shinani. Mbaazi ni daraja: inaulisha msandali miaka miwili au mitatu ya kwanza, mizizi ya mwenyeji mkubwa ikiwa bado inatafutwa, na inakupa mavuno wewe. Kijimea kilichokuja na kiriba kiachwe kiendelee mpaka kijifie.

Kosa la kawaida ni kumsahau mwenyeji baada ya kupanda. Msandali mzima wenye wenyeji dhaifu huwanyonya mpaka wafe, kisha nao hufuata. Kwa hiyo kila mwaka tembea mstari kwa mstari ukiwatazama wenyeji kwanza: aliyekonda matawi ya juu apewe mwenzake wa kumsaidia. Kosa la pili ni kinyume chake, mwenyeji kunenepa na kuutia msandali gizani. Msandali mdogo hupenda kivuli cha nusu, lakini kuanzia mwaka wa tatu unataka jua kichwani. Punguza matawi ya mwenyeji upande wa mashariki na magharibi, usimkate shina. Ukimkata akafa, vinyonyo vyote vilivyomshika hufa naye. Tena kumbuka vinyonyo havichagui: hushika mizizi ya michungwa, ya mboga, hata ya msandali mwingine. Kama una mazao unayoyajali, acha nafasi ya kutosha.

Maji yanahitajika katika viangazi viwili vya mwanzo, matone yakitosha. Palizi iwe ya kisahani, mita moja kuzunguka shina, kwa jembe lisilozama, maana vinyonyo viko juujuu. Trekta na haro hapana. Upogoaji uwe wa kiasi: shina moja lililonyooka, matawi ya chini yaondolewe kidogo kidogo mpaka mita 1.5 au 2, yakiwa bado membamba kama kidole. Kidonda kikubwa kwenye msandali hupona polepole na huingiza kuoza.

Sasa kiini, maana hicho ndicho kinachouzwa. Shina la msandali lina sehemu mbili: nje ni mti mweupe usio na harufu ya maana, ndani ni kiini cha njano hadi kahawia chenye mafuta. Mti wa miaka mitano unaweza kuwa mnene kama paja la mtoto na usiwe na kiini chochote. Kwa kawaida kiini huanza kuonekana baina ya mwaka wa nane na wa kumi, mapema kidogo kwenye mashamba ya umwagiliaji kama yale ya Kununurra huko Australia Magharibi, ambako huvuna takribani mwaka wa 15. Lakini mti uliolishwa na kunyweshwa kupita kiasi hunenepa mti mweupe, ilhali ule uliopitia kiangazi cha kweli huanza kiini mapema zaidi.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini subira inalipa. Chukua msandali ambao kiini chake pale chini kina upana wa sentimita 8 na kinachongoka mpaka kuisha mita 2 juu. Kwa umbo la koni, huo ni ujazo wa lita 3.4 hivi, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya kiini ina takribani kilo 900, unapata kilo 3. Uache mti huohuo mpaka kiini kifike upana wa sentimita 16 na kimo cha mita 4: lita 27, yaani kilo 24. Upana na kimo vimeongezeka mara mbili tu, kiini kimekuwa mara nane. Ndiyo maana anayekata mwaka wa kumi kwa sababu ya ada au harusi anauza sehemu ndogo sana ya kile alichokipanda, na ndiyo maana tangazo lolote linalokuahidi kilo nyingi kwa kila mti ndani ya miaka kumi linastahili kupigiwa hesabu hii kabla ya kulitolea fedha.

Ili kujua ulipofika, toboa kwa keekee nyembamba ya milimita 5, sentimita 30 kutoka ardhini, ukipokea unga kwenye karatasi. Unga utatoka mweupe, na ghafla utabadilika rangi na harufu: pima kina hicho, ndio mpaka wa kiini. Ziba tundu kwa nta. Toboa miti kumi katika kila mia, si yote. Na wanaouza sindano za kuharakisha kiini waachie wenyewe. Kidonda huleta rangi na harufu pale pale kilipo, pamoja na njia ya kuvu kupita.

Wadudu wanaostahili hofu ni vipekecha. Funza wa Zeuzera coffeae huingia kwenye shina changa na kutoa vidonge vya kinyesi kama punje za mtama. Ukiviona chini ya mti, tafuta tundu, ingiza waya mpaka umfikie, kisha ziba kwa udongo. Kipekecha wa kiini ni mbaya zaidi kwa sababu anakula kile ulichokisubiri miaka 15. Kwenye mizizi, kuvu wa Phellinus noxius huozesha na kusambaa kwa kugusana, na shamba lililojengwa juu ya mizizi iliyoshikana ni njia kuu kwake. Visiki vya zamani ving'olewe kabla ya kupanda.

Ugonjwa unaojulikana kuliko yote ni ule wa miiba, ulioripotiwa kwa mara ya kwanza Kodagu, kusini mwa India, mwaka 1899. Husababishwa na fitoplasma, kijidudu cha jamii ya bakteria, inayosambazwa na wadudu wafyonza utomvu. Majani mapya hutoka madogo, kila mara madogo zaidi, yakisimama wima na magumu mpaka tawi linafanana na mwiba mrefu. Mti hufa ndani ya miaka michache. Dawa haipo. Mti wenye dalili ung'olewe na kuchomwa siku hiyohiyo, na miche isitolewe eneo lenye ugonjwa.

Baada ya hapo wamebaki moto na mwizi. Gome la msandali ni jembamba, na moto wa nyasi tu unaua. Safisha ukanda wa mita 5 kuzunguka shamba kila kiangazi. Mwizi yeye haji mapema. Huja mti ukianza kuwa na kiini, na hutoboa miti kama wewe ili kujua upi ni wa kukata. Panda karibu na makazi, usitangaze umri wa miti, na weka gharama ya ulinzi kwenye bajeti tangu mwaka wa nane. Shamba ambalo halina wa kulilinda miaka saba ya mwisho lisipandwe msandali. Hilo tunalisema kwa uzito wote.

Sheria nayo isiachwe mpaka siku ya kuvuna. Mwaka 1792 Tipu Sultan wa Mysore aliutangaza msandali kuwa mti wa mfalme, na kwa muda mrefu msandali uliojiotea kwenye kiwanja cha mtu kusini mwa India ulikuwa mali ya serikali. Matokeo yake watu waling'oa miche kabla haijaonekana. Jimbo la Karnataka lilibadilisha sheria mwaka 2001 na la Tamil Nadu mwaka 2002, mwenye ardhi akawa mwenye mti, ingawa kukata na kusafirisha bado kunataka kibali. Kwa Osyris lanceolata, Kenya ilipiga marufuku uvunaji mwaka 2007, na tangu mwaka 2013 biashara ya mti huo kutoka nchi za Afrika Mashariki iko chini ya orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Somo kwa mkulima popote alipo ni kuandikisha shamba kabla ya kupanda, kutunza risiti za miche, picha za kila mwaka na ramani ya mistari. Bila hayo, gogo lako halitofautiani na la mwituni lililoibwa, na mnunuzi mwaminifu hatalishika.

Kwa hiyo msandali uchukue kiasi gani cha shamba? Sehemu ya kumi, au robo kwa mwenye ardhi ya kutosha na mapato mengine. Miaka mitatu ya kwanza mbaazi zitarudisha sehemu ya gharama. Kati ya mwaka wa tano na wa kumi kuna kuni za matawi ya wenyeji yanayopunguzwa, na nguzo pale tu wenyeji wanapozidi mmoja kwa kila msandali. Asali nayo inawezekana ukiwa na migunga. Msandali wenyewe usiuhesabu kabisa katika miaka hiyo. Na mtaji usiwe mkopo wa benki: mkopo wenye kudai kila mwezi na mti wenye kulipa baada ya miaka 15 haviwezi kukaa nyumba moja, na ndio unaomlazimisha mtu kukata mapema.

Siku ya kuvuna, msandali haukatwi, unang'olewa. Mafuta ni mengi zaidi mizizini na shinani chini, na hupungua kadiri unavyopanda juu, hivyo anayeacha kisiki ardhini anaacha sehemu iliyo bora. Chimba mfereji kuzunguka mti nusu mita kwenda chini, kata mizizi ya pembeni, uuangushe kwa kamba na kisiki chake. Kila kipande kipewe namba ya mti. Mti mweupe uondolewe kwa tezo mpaka rangi ya kiini itokeze, magogo yakaushwe kivulini kwa miezi kadhaa, ncha zikiwa zimepakwa nta yasipasuke. Mnunuzi wa mafuta atataka kipimo cha maabara: kiwango cha kimataifa ISO 3518 kinataka santaloli ya alfa iwe asilimia 41 hadi 55 na ya beta 16 hadi 24, kwa hiyo peleka sampuli kabla ya kukubaliana bei. Mti mweupe huuzwa kando kwa watengeneza ubani, na unga unaodondoka chini ya msumeno ukingwe kwa turubai, upimwe, uwekwe kwenye gunia lake lenye namba.